Pijo la Bibi Zulaika

Wapita njia wa Kawempe waliona banda la kuku. Kamis aliona Pijo. Gari lilikuwa nyuma ya uzio wa matete, matairi yamezama udongoni, kinyesi cheupe hadi kwenye vioo, jogoo juu ya paa kama gavana. Kamis alisimama.

Miaka ile ya utawala wa kijeshi kila mtu Kampala alijua kwamba gari linalong'aa huazimwa na wenye bunduki barabarani, na kuazima kwao hakuna kurudisha. Basi wenye akili walilichafua gari zima na kufugia kuku ndani yake. Kadiri lilivyonuka, ndivyo lilivyokuwa zima. Hayo Kamis aliyajua, tena bila kulipa ada.

Kule Ggaba alikuwako Wanjala, mchuuzi wa samaki, aliyetafuta Pijo kwa udi na uvumba, na kesho yake anaondoka kwenda Busia. Aliahidi magunia kumi na mawili ya sukari, na sukari siku hizo ilikuwa adimu kuliko ukweli. Kamis alikuwa na manne tu, ya magendo, mali yake yote duniani. Alitaka kuyageuza kibanda cha kudumu pale sokoni Owino, aache kukimbizwa na askari wa soko kama mbuzi aliyekula mboga za watu.

Bibi Zulaika, mjane wa sajini wa polisi, alikuwa kibarazani anapeta mchele.

"Salaam aleikum, mama."

"Aleikum salaam, mwanangu. Unauza au unanunua?"

"Nimekuja kukuhurumia. Lile gari linakuibia, mama. Gari si shamba. Siku linapotoka dukani tu, bei inaanguka. Mwaka wa pili inateremka, wa tatu inateremka. Ukilala, ukiamka, limepungua."

"Hata usiku?"

"Hasa usiku. Umande."

Bibi akapuliza makapi. "Kumbe. Sasa wewe kinakuharakisha nini? Rudi mwakani, utalipata rahisi zaidi. Siwezi kumpunja mtoto wa watu."

Kamis alichuchumaa karibu na ungo. Hakuwa amepata kuona mtu akishika mafundisho yake upesi hivyo.

"Mimi nimezoea hasara, mama. Nitakupa magunia mawili ya sukari."

"Hasara ya mawili ni ndogo. Hutaisikia."

Hadi adhana ya alasiri, hasara ilikuwa imefika magunia manne.

"Nifunulie injini basi, niitazame."

"Ngoja siku kumi. Kuku wangu analalia mayai mle ndani. Ukimshtua atayasusa."

Kamis akachungulia kwenye tundu la taa. Jicho jekundu likamtazama. Akacheka moyoni: bibi huyu ni mjanja, injini kaificha chini ya kuku. Lakini Wanjala hangengoja siku kumi. Sukari ikaletwa kwa lori, ikashushwa, kisha lori hilo likalivuta Pijo polepole mpaka Ggaba, kuku akiwa abiria.

Wanjala alifunua boneti mwenyewe. Kuku akatoka akitukana. Chini yake kulikuwa na mayai tisa, nyasi kavu, na ardhi ya Ggaba ikionekana vizuri kabisa. Wanjala alicheka mpaka akajifuta machozi kwa mkono wenye magamba, kisha akaenda zake Busia.

Kamis alirudi Kawempe mbio. Nyuma ya nyumba ya Bibi Zulaika kinu cha mahindi kilikuwa kinanguruma kwa sauti ambayo sikio lolote la mjini lingeitambua.

"Mama, umenidhulumu."

"Injini niliitoa gari lilipokuwa jipya, mwanangu, ikiwa bado na nguvu. Lililobaki likawa linashuka, kama ulivyosema. Mimi nilikubishia wapi?"

"Nitakushtaki."

"Nenda. Watakuuliza sukari uliitoa wapi."

Kamis hakwenda. Alishuka Ggaba, akaketi juu ya boneti, akalia kidogo, kwa adabu. Adhuhuri ya kesho yake akapita fundi cherehani mmoja kutoka Kongo, jina lake Hippolyte, mashine begani, akapunguza mwendo kulitazama gari. Kamis alijifuta uso kwa shati, akateremka taratibu.

"Kaka, una macho. Magari yote Kampala yanashuka bei, sivyo? Hili limekwisha kushuka. Halina injini, haliwezi kushuka tena hata shilingi moja. Mwenye akili hununua gari wakati huo huo."

Hippolyte akaweka chini mashine yake ya kushonea, akaanza kulizunguka.