Jiwe Jipya la Tangi la Mapokezi

Idara ina furaha kuutangazia umma kwamba tangi la samaki la ukumbi wa mapokezi litapata jiwe jipya, na kwamba jiwe hilo litazinduliwa rasmi na Waziri, Ijumaa, saa nne kamili. Tangazo lilibandikwa kwenye mlango wa lifti mbovu, ambako watu husimama muda mrefu wakitumaini.

Mtunza tangi alilisoma mara mbili, akajikuna kichwa. Alikuwa amelilea tangi lile la maji ya chumvi miaka kumi na minne na kuwaaga wakurugenzi wanne. Jiwe lenyewe lilifika Jumatatu, limefungwa magazeti yaliyoloa. Lilikuwa jiwe hai, yaani kipande cha mwamba wa baharini ambacho matundu yake yamejaa viumbe vidogo vidogo. Baadhi yao hufa njiani wakaoza, na uozo huo ukiingia tangini ni sumu. Kwa hiyo jiwe hukaa kwanza peke yake, kwenye beseni la maji ya chumvi, wiki sita.

Mkurugenzi aliyepita hakuwa na subira hiyo. Alitumbukiza jiwe lake mbele ya wageni, wakampigia makofi. Siku ya tatu samaki kumi na mmoja walielea tumbo juu, na ripoti ikasema wamestaafishwa kwa manufaa ya umma. Alibaki kitatange mmoja mzee, ambaye hadi leo humdonoa mtunza kidole kila asubuhi. Mtunza alimpenda samaki yule, na hakuwa tayari kumpoteza kwa ajili ya makofi.

"Wiki sita, mzee," alimwambia Mkurugenzi.

"Ijumaa. Samaki ni mtumishi kama wengine. Azoee mabadiliko."

"Sawa. Basi nifuate ule waraka wako, namba kumi na mbili?"

Mkurugenzi alitabasamu. Waraka ule aliuandika mwenyewe baada ya viti viwili kupotea, na aliupenda kama kifungua mimba wake. Ulisema mali mpya haitatumika mpaka isainiwe na ofisi saba, na ikisubiri saini itakaa ofisini mwa mkuu wa idara, chini ya macho yake.

"Ufuate neno kwa neno," alisema.

Beseni likawekwa kando ya meza yake. Harufu ilianza Jumatano kama kibarua. Kufika Alhamisi ilikuwa imethibitishwa kazini.

Ijumaa uzinduzi uliahirishwa, maana saini ilikuwa moja tu. Mtunza alikuwa akilitembeza faili mwenyewe, kwa mwendo wa kinyonga.

"Tuuvunje waraka, mzee?" aliuliza kwa upole.

"Thubutu!"

Mkurugenzi akaitisha kamati iurekebishe. Kwa mujibu wa kanuni, kamati hukutana ofisini kwa mwenyekiti, na mwenyekiti ni yeye. Wajumbe walifika mpaka mlangoni, kila mmoja akakumbuka msiba. Akidi haikutimia. Haikutimia wiki iliyofuata, wala ile ya baada yake.

"Lakini waraka ni wangu!" alimlalamikia dada wa masjala.

"Ni wako, bosi," alijibu dada kutoka mbali, leso puani. "Ila muhuri ni wa kamati."

Kila asubuhi mtunza aliingia, akabadilisha maji, akapima, akasema pole, akatoka.

Wiki ya sita vipimo vilitoka safi, na saini ya saba ikapatikana siku hiyo hiyo. Hakuna aliyeuliza. Jiwe likashushwa tangini taratibu. Kitatange alilizunguka, akalionja, akajichagulia tundu.

Siku ya uzinduzi afisa afya alimnusa Mkurugenzi mlangoni, suti mpaka nywele, akatoa waraka wake mwenyewe: kinachonuka kitengwe. Wakamweka kwenye kibanda cha vioo cha mlinzi.

Waziri alilisifu jiwe, akamsifu kitatange, kisha akageuka. "Na yule kwenye kioo kile?"

"Yule bado, mheshimiwa," alisema mtunza akijifuta mikono. "Tukimwingiza leo atatuchafulia maji. Tumempa wiki sita."