Maswali Niliyomgawia Mkato

Jumatatu, tarehe 3 Machi
Nimeitwa kwenye usaili! Miezi saba tangu kiwanda cha pampu kifungwe, leo ndiyo barua ya kwanza. Kiwanda cha mashine za hospitali kinatafuta mwandishi wa miongozo, vile vijitabu vinavyomwambia mtu abonyeze wapi na asiguse wapi. Ni Alhamisi hii. Nimemsomea Dada barua mara mbili. Shemeji nimemsomea mara moja, kwa sauti ya juu zaidi, maana kochi ninalolalia ni lake.

Dada ni muuguzi. Badala ya kunipongeza, akaniuliza nitawauliza nini. Nikamwambia wanaouliza ni wao. Akasema mwishoni lazima wanipe nafasi, na nisiipoteze. Akanitajia huku anakunja sare yake: nani atasoma ninachoandika? Nitaruhusiwa kuishika mashine yenyewe? Nikikwama, mhandisi gani atanijibu? Nani anakagua kabla ya kuchapwa? Na aliyekuwepo kabla yangu aliondoka kwa nini?

Nimeyaandika yote kwa adabu. Maswali ya kitoto!

Jumanne, tarehe 4 Machi
Siku imeharibika. Nimekutana na Mkato kwenye duka la kutoa nakala. Naye ameitwa! Tulikaa meza moja miaka sita kule kwenye pampu. Tulimbandika jina hilo kwa sababu hawezi kuandika maneno matatu bila kuweka mkato. Anaandika polepole, anaulizauliza, na wahandisi walimpenda. Mimi nilikuwa namaliza haraka, na hakuna aliyenipenda.

Akaniuliza kinyonge kama nina maandalizi yoyote. Hapo akili ikawaka. Nikampa karatasi ya maswali ya Dada, nikamwambia ni siri kubwa, asiache hata moja. Waone alivyo mtoto! Akanishika mikono yote miwili kunishukuru. Nilijisikia vibaya kutoka dukani hadi kwenye kona.

Jumatano, tarehe 5 Machi
Mvua kutwa. Nimetunga maswali yangu, ya mtu mzima. La kwanza: kampuni imefikaje kwenye kilele hiki cha ubora? La pili: kilele kinachofuata ni kipi? La tatu linahusu hekima ya mkurugenzi. Shemeji akasema hayo si maswali, ni makofi. Wivu.

Alhamisi, tarehe 6 Machi
Mkato alitangulia kuingia. Wengine walikaa dakika ishirini. Yeye saa nzima. Akatoka uso umemshuka, akaketi kando yangu. Akaninong'oneza kwamba waandishi wanne wameondoka ndani ya mwaka mmoja. Mashine ziko ghalani, mwandishi hupewa picha. Wahandisi hawana muda. Hakuna anayekagua. Na kuna muuguzi aliyeungua mkono kwa kufuata mwongozo wao neno kwa neno.

“Ndugu yangu, maswali yako yameniokoa,” akasema. “Nimewaambia walifute jina langu. Na wewe twende zetu.”

Nilicheka moyoni. Mjanja huyu! Anataka kuniondoa mlangoni ili arudi mwenyewe. Nikampa pole, nikaingia.

Mkurugenzi alikuwa amejiegemeza kwenye kiti kama aliyetoka msibani. Nilipotaja kilele, akakaa sawa. Nilipofika kwenye hekima, akatabasamu. Akaniuliza kama nina swali lingine. Nikasema sina, kila kitu kiko wazi. Kazi nikapewa palepale! Nimempiga Mkato bao la wazi.

Jumatatu, tarehe 10 Machi
Kazini. Chumba hakina dirisha. Drooni nimekuta vikombe vinne, kila kimoja kimeandikwa jina la mtu.

Nimepewa mtungi wa mvuke wa kuchemshia vifaa vya upasuaji. Yaani nimepewa picha tatu za mtungi. Kwenye moja, kidole gumba cha mpiga picha kimefunika kitufe. Nikagonga kwa mhandisi. Akajibu bila kufungua: wiki ijayo. Mwongozo unakwenda kuchapwa Alhamisi asubuhi.

Jumatano, tarehe 12 Machi
Nimemaliza! Pasipoonekana nimekisia.

Jioni nikampa Dada asome, nikingoja sifa. Akasimama kwenye hatua ya sita. Akauliza nimejuaje kwamba kifuniko hufunguliwa kabla ya mvuke kutolewa. Nikasema ni mantiki. Akauliza mantiki ya nani. Kisha akaweka karatasi chini, akasema mwenzake wa zamu aliungua kwa kufuata mwongozo wa kiwanda hiki hiki. Hadi leo hawezi kushika kalamu. Mkono uliungua kwenye mtungi kama huo.

Shemeji akazima redio, akatoka nje. Nimelala kwenye kochi nikiutazama mkono wangu.

Alhamisi, tarehe 13 Machi
Nimefika kabla ya mlinzi. Nikamwomba mkurugenzi asimamishe uchapaji. Akauliza kwa nini sikuyasema haya siku ya usaili, nilipopewa nafasi ya kuuliza. Nikarudi kugonga kwa mhandisi, safari hii kwa ngumi. Akafungua. Akasoma hatua ya sita, akakimbia ngazi zote hadi kwenye mitambo ya kuchapa. Hakuna nakala iliyotoka.

Saa sita nimefukuzwa. Dada amenipakulia chakula, akaniongezea na nyama. Ni afadhali angenigombeza.

Jumatatu, tarehe 17 Machi
Mkato amepata kazi kwenye kiwanda cha majokofu! Anasema aliuliza yote matano, wakamjibu yote, wakamwonyesha na jokofu likiwa limefunguliwa. Wanahitaji mwandishi wa pili. Eti niende nikajionee mwenyewe kabla sijaamua. Mtego! Nikakata simu.

Saa nne simu nyingine. Mama mmoja, sauti ya haraka. Wanataka mwandishi, aanze kesho. Nikasema ndiyo kabla hajamaliza.

Dada akauliza wanatengeneza nini. Sijui. Akauliza wako wapi. Nikamwambia watatuma gari. Akauliza kwa nini wana haraka hivyo. Wanawake kwa maswali! Akaingia chumbani, akafunga mlango taratibu.

Nimepiga pasi shati. Yule mama alisifu kwamba mimi si msumbufu kama wengine waliopigiwa kabla yangu. Kumbe walikuwepo wengine! Wote nimewapiga bao.