Kamati ya Kuthibitisha Hewa

Wapiga shabaha wote wanatangaziwa kwamba kuanzia Jumatatu hakuna hewa itakayoingia wala kutoka katika chombo chochote cha chama bila Kamati ya Kuthibitisha Hewa kuwa na habari. Tangazo lilipigwa mihuri mitatu, mmoja kichwa chini, likabandikwa kwenye mlango wa stoo.

Mtunza stoo, fundi aliyeitwa Mapafu kwa sababu miaka ishirini alikuwa akizamia chini ya meli kukwangua kutu, alilisoma mara mbili akajikuna kidevu. Hewa yote ya chama ilikaa mahali pamoja: ndani ya mtungi mmoja wa wapiga mbizi. Kazi yake ilikuwa kuunganisha mtungi huo na silinda ndogo ya bastola ya hewa kwa mpira mwembamba wenye kipimo, kufungua koki polepole kama anayefungua mlango wa chumba alimolala mgonjwa, kungoja mshale utulie, kufunga, kisha kulegeza skrubu ya pembeni ili mpira uteme pumzi iliyobaki kabla hajauchomoa. Dakika tano. Hakuna aliyewahi kumdai muhtasari wa kikao.

Jumamosi palikuwa na mchujo. Mpwa wake, fundi cherehani mwenye mkono usiotikisika, alikuwa amebakiwa na nafasi hiyo moja. Akiikosa, anaondolewa kikosini. Na silinda yake ilikuwa tupu.

"Mjomba, nijazie basi."

"Nikijaza bila kamati wananifukuza. Wanakuja Alhamisi."

"Alhamisi! Si hewa hiyo hapo?"

"Ipo, mwanangu. Haijathibitishwa tu kwamba ipo."

Alhamisi kamati ikaja, wajumbe saba, Mwenyekiti mbele na tumbo lake mbele ya Mwenyekiti. Wakauzunguka mtungi kama waliokuja kuutolea posa.

"Hewa haionekani," Mwenyekiti alifungua kikao. "Tutajuaje imo?"

"Kwa kipimo hiki, mheshimiwa. Mshale uko mia mbili. Umejaa."

"Mshale ni shahidi mmoja, fundi. Kamati ina wajumbe saba."

Basi wakathibitisha. Kila mjumbe alisogeza uso, koki ikafunguliwa, hewa ikamvaa fyuuu! mpaka tai ikahamia begani. Wa kwanza akasema ipo. Wa pili akasema hawezi kufanya kazi kwa maneno ya kusikia, akafunguliwa yake. Wa tatu, mama mmoja wa idara ya viwango, alisema ni ya baridi, akaomba mara ya pili ahakikishe kama ubaridi huo ni wa kudumu.

"Waheshimiwa, hewa inaisha," alisema Mapafu.

"Usiingilie mchakato."

Mjumbe wa saba alipofuta machozi ya upepo, mshale ulikuwa umelala kwenye ishirini. Kamati ikaamua kwa kauli moja: hewa ipo, ni baridi, haina harufu, na inatosha. Ujazaji ukaruhusiwa rasmi.

Mapafu akajaza. Ishirini ndani ya mtungi, ishirini ndani ya silinda. Chini ya sabini bastola ile haipigi, hukohoa.

"Naomba basi niupeleke mtungi karakana ya wapiga mbizi ukajazwe," alisema.

"Kutoa mtungi stoo ni ajenda," Mwenyekiti alimjibu kwa upole wa mtu anayeenda kula. "Kikao kijacho ni baada ya wiki mbili."

Mpwa wake aliitazama silinda, akamtazama yeye. "Jumamosi nitapiga nini, mjomba? Mluzi?"

Mapafu alivuta fomu ya kamati, penye mstari ulioandikwa "Mtumiaji wa Hewa". Kanuni ya tisa, aliyoitunga Mwenyekiti mwenyewe kukomesha wadoezi, ilisema kwamba yeyote atakayetumia hewa ya chama ataandikishwa mshindani katika mchujo unaofuata, na asipopiga, bila cheti cha daktari, atavuliwa wadhifa. Mapafu ni mtu mkweli. Akaorodhesha wajumbe saba, kila mmoja na kiasi alichopuliziwa. Ofisi ya usajili, ambayo haijawahi kujidhalilisha kwa kusoma fomu, ikapiga muhuri.

Orodha ya washindani ilitoka Ijumaa saa nne. Kufika saa sita wajumbe sita walikuwa wagonjwa: migongo mitatu, macho mawili, na presha moja. Mwenyekiti naye angeugua kwa moyo mmoja, ila alikuwa keshamwalika Katibu Mkuu wa wizara awe mgeni rasmi. Akaja stoo akihema.

"Fundi, hili ni kosa la karani!"

"Inawezekana, mheshimiwa. Rufaa inasikilizwa na kamati."

"Kamati ni mimi!"

"Na wenzako sita. Mungu awaponye."

"Basi nipe bastola ya akiba nijaribu."

"Chukua. Ila haina hewa."

Mwenyekiti aliutazama mtungi. Kisha akaubeba mwenyewe, na suti yake, bila ajenda, bila kikao, akaupakia kwenye gari la ofisi. Saa kumi alirudi nao umejaa, bega limechafuka grisi. Mapafu akaanza na silinda ya mpwa wake.

"Na yangu?"

"Pole pole, mheshimiwa. Hewa haitaki pupa. Kaa foleni."

Jumamosi mpwa alisimama mstari wa nne, akapiga risasi sitini kama anayetia vifungo kwenye shati, akapata pointi mia tano sitini na sita. Akapita.

Mstari wa tano, Mwenyekiti alitoboa dari, akaua taa, na risasi moja haijapatikana mpaka leo. "Mheshimiwa," mwamuzi alimnong'oneza, "kanuni zinaruhusu kufungua macho." Mgeni rasmi aliandika kitu kifupi kwenye daftari lake.

Jioni matokeo yalibandikwa. Wa mwisho: Mwenyekiti, sifuri.

"Bandua!" alimwamuru karani.

"Kubandua kunahitaji kibali cha kamati, mheshimiwa, na akidi ni wajumbe wanne. Wenzako vyeti vyao ni vya wiki mbili."

Mwenyekiti akaegemeza mgongo wake mpana juu ya karatasi, akakunja mikono, akawa anawasalimia wapitao kwa tabasamu la mtu anayepunga upepo. Alisimama hivyo mpaka geti lilipofungwa. Jumatatu aliwahi kuliko mfagizi, akaegemea palepale.