Mbio za Ini Kati Yangu na Fundi Saa

Jumanne, 4 Machi

Nimeanza dawa leo. Ieleweke kwamba mimi sikwenda kutafuta ugonjwa. Nilikwenda kuchangia damu kwa sababu walikuwa wanagawa fulana. Fulana nikaipata. Baadaye wakanipigia simu: homa ya ini aina C, tena sugu. Imejikalia humo miaka na miaka, haikubisha hodi wala haikulipa kodi. Huenda iliingia nilipoongezewa damu zamani, baada ya ajali ya gari. Mke wangu amepimwa, yuko salama. Ini langu lina makovu kidogo. Linatibika!

Mfamasia wa kliniki ni dada mwenye sauti ya upole na macho ya askari wa forodha. Akasema: kidonge kimoja kwa siku, saa ile ile, nisiruke, wiki kumi na mbili. Dawa nyingine yoyote, hata ya kiungulia, hata ya mitishamba, nimuulize kwanza. Pombe nisiguse. Akaniambia nirudie. Nikarudia yote barabara, akili yangu ikiwa benchi la nje.

Maana benchi la nje nilimkuta nani? Fundi Saa! Jirani yangu, duka lake na karakana yangu ya makochi vinachangia ukuta. Mtu anayefungua duka dakika ile ile kila siku, halafu anakutazama wewe unayechelewa kama saa iliyokufa betri. Nikamwambia nimekuja kumwona mgonjwa. Akasema naye amekuja kumwona mgonjwa. Tukakaa, kila mtu akimngoja mgonjwa wake. Kisha tukaitwa, yeye halafu mimi, chumba kile kile. Ugonjwa mmoja, na dawa tumeanza siku moja!

Nitapona kabla yake. Naapa.

Ijumaa, 7 Machi

Nimegundua jambo ambalo limewapita madaktari wote. Ukimeza viwili kwa siku, unamaliza kwa nusu ya muda! Fundi Saa atakuwa bado katikati ya safari, mimi nimeshafika, nimenawa, nimekaa.

Jana nikajaribu. Kimoja asubuhi, kimoja jioni. Kichwa kikaniuma. Nikachukulia kwamba virusi vinapiga kelele za kuondoka.

Leo roho ikaingia wasiwasi. Nikampigia mfamasia, nikabadilisha sauti. Nikamwambia nina rafiki yangu, fundi makochi kama mimi, amemeza viwili, je, yuko sawa? Akauliza huyo rafiki anajisikiaje. Nikasema kichwa kinamuuma. Akasema virusi havifi haraka kwa kuzidishiwa dawa, mwili ndio unaozidishiwa taabu, na vidonge vitamwishia kabla ya kazi kwisha. Arudi kwenye kimoja, na akizidiwa aje mara moja.

Nikamshukuru kwa niaba ya rafiki yangu.

“Haya mzee,” akasema. “Na huyo rafiki yako amsalimie mkewe.”

Mzee! Mimi!

Jumatano, 19 Machi

Ushindani umekuwa mkali. Fundi Saa ametega saa ya ukutani ilie kila anapotakiwa kumeza. Inalia mpaka kwangu. Nakiri inanisaidia, maana nami nameza hapo hapo. Lakini hilo halijui, wala hatalijua.

Nilihitaji silaha ya ziada. Akapita muuzaji mwenye spika begani, anatangaza dawa ya kusafisha ini, figo, damu na mikosi. Nikanunua chupa. Kumuuliza mfamasia? Angekataa. Ukijua mtu atakataa, kumuuliza ni kumsumbua bure.

Nikaiweka juu ya kochi la mteja, la mwalimu mstaafu, niende kuchukua kikombe. Kurudi, chupa imelala ubavu. Dawa imemiminika kwenye mguu wa kochi. Nikashika kitambaa kufuta. Vanishi ikaja yote na kitambaa! Vanishi niliyoipaka mimi mwenyewe, ile ya ghali. Mbao imebaki uchi kama siku iliyokatwa.

Nikakaa chini nikautazama mguu ule kwa muda mrefu. Nikalifikiria ini langu, ambalo halikupakwa vanishi yoyote.

Hata hivyo, hasara roho. Iliyobaki naitumia kuondolea rangi viti vya zamani. Haijapata kutokea dawa nzuri kama hii! Nimemfuata muuzaji nikanunua chupa nyingine.

Jumapili, 13 Aprili

Najisikia kijana. Nguvu zimerudi, chakula kinapanda. Jana nilibeba kochi la watu watatu peke yangu. Mke wangu akasema nimeanza hata kuimba bafuni, na akasema si lazima.

Sasa nauliza: mtu mzima asiyeumwa anameza dawa ya nini? Tangu juzi nimeacha. Vilivyobaki nimevificha ndani ya sponji la kochi la sebuleni, nikashona juu yake. Akiba! Ugonjwa ukirudi siku yoyote, nitakuwa na ghala langu.

Fundi Saa bado anameza. Maskini. Hajui kwamba mbio zimekwisha.

Jumanne, 15 Aprili

Siku ya ajabu.

Asubuhi duka la Fundi Saa limefungwa. Halijawahi! Nikafurahi kidogo, kisha nikaona furaha haina ladha. Saa ya ukutani ikalia ndani peke yake, ikalia, ikanyamaza.

Mchana akatokea, macho mekundu. Alikuwa ameondoka jana mchana kwenda kumzika dada yake. Njiani kurudi, begi likapotea kwenye basi, na vidonge vyake vyote vilikuwa humo. Leo hajameza. Anaona haya kwenda kliniki, kwa sababu mfamasia alimsifu mbele za watu kuwa mgonjwa wa mfano. Akakaa kwenye kiti changu kisicho na sponji. Akasema hofu yake ni virusi kurudi na nguvu mpya, na kuwaacha watoto wa dada yake, ambao sasa wanamtegemea yeye.

Sikuwaza mara mbili. Nikamshika mkono mpaka nyumbani, nikachukua kisu, nikapasua kochi la sebuleni mbele ya mke wangu.

“Chukua, jirani,” nikamwambia. “Vyote.”

Mke wangu akatazama sponji. Akatazama vidonge. Akaniuliza kwa sauti ndogo sana kwa nini vidonge vya kumeza viko ndani ya kochi. Nikaanza kueleza habari ya akiba. Sikufika mbali.

“Mimi sikuolewa na ghala,” akasema. “Nataka mume anayezeeka.” Akajifuta macho kwa kanga, akatafuta viatu vyake, akatupeleka kliniki wote wawili kama watoto waliopigana shuleni.

Mfamasia hakupiga kelele. Afadhali angepiga. Akaweka pakiti yangu na kadi ya Fundi Saa mezani. Akatuonyesha: dawa zetu si moja! Yeye anatumia dawa ya moyo, kwa hiyo alichaguliwa vidonge vingine. Vyangu vingeweza kugombana na dawa hiyo ya moyo, mapigo yakashuka mpaka aanguke. Fundi Saa akakaa chini. Mimi nilikuwa nimeshakaa.

Yeye amepewa vingine vya aina yake. Mimi nimeambiwa niendelee leo leo, kimoja tu, nisifidie vilivyopita, na nisiache tena kwa sababu eti najisikia vizuri. Kujisikia vizuri si kupona. Mke wangu akasema tangu leo pakiti inakaa kwake.

Tumerudi kwa miguu, watatu. Fundi Saa akasema hakuna mtu aliyewahi kumpasulia kochi.

Alhamisi, 29 Mei

Kila asubuhi saa ikilia, Fundi Saa anagonga ukuta. Mimi nagonga pia. Mke wangu anasimama mlangoni na glasi ya maji mpaka aone koo langu limepanda na kushuka.

Leo nimemeza cha mwisho. Nilitaka kutangaza ushindi, mfamasia akanizuia. Jibu la kweli ni kipimo cha damu baada ya wiki nyingine kumi na mbili. Kungoja! Kazi ngumu kuliko dawa.

Alhamisi, 21 Agosti

Virusi havionekani. Nimesoma karatasi mwenyewe, nikampa mke wangu asome, nikamwomba anisomee tena. Akacheka huku analia. Ameishika mpaka nyumbani kama picha ya mjukuu.

Fundi Saa naye amepona. Amekuja na watoto wa dada yake, wamevaa vizuri kama wanakwenda harusini. Lakini mimi niliitwa kwanza, kwa hiyo nimeshinda. Nimemwambia hivyo. Akanikumbatia, jambo ambalo si jibu.

Mfamasia akatuonya: kupona si kinga, mtu anaweza kuambukizwa tena, tusichangie nyembe wala sindano, na mimi niwe naangaliwa ini kwa sababu ya yale makovu. Nikasikiliza nusu. Nusu nyingine ilikuwa inafikiri.

Kwani nimepona kwa nini? Kwa akili! Mgonjwa mwingine angefuata tu maelezo kama kondoo. Mimi nimeichunguza dawa hii pande zote. Uzoefu huu si wa kuuacha uoze. Nimeshaweka kiti kizuri mbele ya karakana, na kibao nimekiandika mwenyewe: USHAURI WA DAWA, BURE.

Jumamosi mama mkwe anakuja kukaa nasi. Ana presha, anameza vidonge vya rangi tatu tofauti.

Rangi tatu ni nyingi mno. Nina wazo.