Zoezi la Meli Uani kwa Mama

Nimeaibika leo, tena mchana kweupe, na ninawaambia mwenyewe kabla Mama Kyakimwa wa jirani hajawaambia kwa njia yake.

Dada yangu Masika yuko Kanada, huu mwaka wa kumi na mbili. Hata baba tulimzika yeye akiwa kwenye simu. Mwaka huu amejinyima, amepata likizo, na anataka kumchukua mama waende kwenye meli kubwa ya matembezi, siku saba baharini, mama na binti yake tu. Visa imetoka. Kilichobaki ni mama kusema ndiyo, na mwisho wa kusema ndiyo ni leo jioni.

Mama amekataa wiki nzima.

"Miye siende, Kambale. Ku vita nilikimbia mara ngapi? Kila mara kulikuwa njia. Lubero, Kayna, Kanyabayonga, unatembea tu. Sasa ku maji nitakimbilia wapi?"

Lakini mimi ni mwalimu wa jiografia. (Nimefundisha bahari miaka tisa. Maji makubwa kuliko yote niliyoyaona ni Ziwa Edouard, tena nikiwa mlimani.) Nikajiambia kwamba kinachomtisha mama ni kutojua. Basi asubuhi nikaegemeza simu kwenye thermos, Masika akiwa kwenye video na kitambaa chake cha kulalia kichwani, maana huko kwao ilikuwa bado alfajiri. Somo likaanza.

Nilimweleza kila kitu. Chumba ni kidogo, kitanda kimebanwa na ukuta. Chakula kipo kutwa, unajichukulia mwenyewe, hakuna anayekuuliza. ("Bila kubapelekea hata kitu? Si ni haya?" Kumbe ameshafunga maharagi ya kuwapelekea wapishi. Mtu anayekataa safari!) Meli huyumba, kwa hiyo nikamketisha kwenye benchi, nikalitikisa. Hapo akacheka kidogo. Nikajiona nimefika.

Laiti ningeishia hapo!

Lakini Masika alikuwa ametuandikia kwamba siku ya kwanza, kabla meli haijaondoka, kila abiria lazima afanye zoezi la hatari. King'ora kinalia mara saba kwa ufupi, kisha mara moja kwa urefu, na watu wanakusanyika na majaketi yao ya kuelea. Mimi ni mtu wa vitendo. Nikachukua vidumu viwili vya lita tano, nikajifunga kimoja kifuani na kimoja mgongoni kwa kitenge cha mama. (Vilikuwa vya mawese. Niliamini vimekauka.) Nikatoa filimbi yangu ya michezo.

Piii! Mara saba. Halafu moja ndefu, mpaka pumzi ikaniishia.

Sasa, kwa msiotoka Butembo: kwetu filimbi haipulizwi ovyo. Ikilia uani kwa mtu, wezi wameingia. Kila nyumba inagonga sufuria, na kila mwenye miguu anakuja. Kanuni hiyo imeandikwa kwenye daftari la nyumba kumi. Katibu wa nyumba kumi ni mimi. Mwandiko ni wangu!

Sufuria ya kwanza ikalia kwa Mama Kyakimwa. Ikafuata ya pili, ya tatu, na mlio ukapanda kilima chote kuelekea Rughenda. Nami, kwa akili zangu hizi, nikadhani kuna harusi. Nikaendelea kupaza sauti: "Mama, toka! Acha mizigo! Toka!"

Geti likaanguka. (Ni la mabati, lakini lilikuwa geti.)

Waliingia na majembe, na mchi, na mmoja na kiti. Jirani yetu Muhindo alikuwa amenyolewa nusu ya kichwa, kitambaa cha kinyozi bado shingoni. Mbele yao wote Mama Kyakimwa, na mwiko uliojaa ugali wa fufu wa moto. Aliona mwanaume amejifunga vitu mwilini, anamfokea mama mzee kwenye benchi. Hakuuliza. Alinichapa mwiko wa kifua, kizibo cha kidumu kikaruka, na mawese yakanimwagikia mpaka kwenye viatu.

"Eh Nyamuhanga!" akamwita Mungu. "Ni prof!"

Muzee Paluku, mkuu wetu wa nyumba kumi, akafika akihema. "Mama, mwizi iko wapi?"

Mama hakushuka hata kwenye benchi. "Mwizi hapana, muzee. Ni mutoto yangu ananifundisha kuzama."

Walicheka mpaka wengine wakakaa chini. Simu nayo ilicheka. Nilitamani nizame kweli.

Muzee Paluku peke yake hakucheka. Alinisikiliza habari ya king'ora cha meli, kisha akainamia simu. "Masika, mwana yangu, ile sirène ikilia mu meli, batu banafanyaka nini?"

"Bote banatoka, muzee. Hata mwenye kulala. Banabahesabu moja moja. Kama mutu anakosa, banaenda kumutafuta mupaka bamuone."

"Hata mugeni?" Ilikuwa sauti ya mama. "Hata mwenye hajue luga ya kwabo?"

"Hata ye, mama. Na miye nitakuwa pembeni yako."

Mama akawatazama mmoja mmoja: Muhindo na nywele zake za upande mmoja, Mama Kyakimwa na fufu inayokauka kwenye mwiko, watu wote wale walioacha kazi zao wakakimbia kwa ajili yake. Machozi yakamlengalenga.

"Basi nitaenda," akasema. "Fasi yenye banahesabuaka batu, hapo naweza lala."

Masika akalia kama mtoto. Mimi nilikuwa na mawese machoni. (Andikeni hivyo hivyo.) Siku saba nzima za ramani na maelezo yangu hazikumtikisa mama, na majirani wamemaliza kazi kwa dakika kumi.

Mnadhani yameishia hapo? Muzee Paluku alikunja uso: "Prof, batu bangali na hofu. Utapita nyumba kwa nyumba, useme mwizi hapana. Na ile bidons, hapana kutosha!" Nimepita. Na vidumu vyangu, bila kuvivua. Mbele ya wanafunzi wangu wa mwaka wa tano, wote wamejipanga barabarani, wakanisalimia kwa heshima iliyopita kiasi.

Ndugu zangu, kama ni lazima mcheke, chekeni polepole. Mama amejilaza, amechoka kuokolewa.