Tajudini na Mazutu ya Maabara

Mwaka wa vikwazo, majirani walipotufungia mipaka na pampu za mafuta zikabaki mapambo ya mji, Tajudini wa Buyenzi alinenepa. Msimwonee kijicho. Kuna watu riziki yao hutoka kwenye shida za wenzao, na Bujumbura wakati huo ilikuwa na shida za kututosha sote na nyingine za kuwagawia wageni.

Asubuhi moja alikuwa anakunywa chai Quartier Asiatique huku akisubiri mjinga wa siku. Meza ya jirani walikaa asistenti wawili wa chuo kikuu, Népomuscène na Consolate, nyuso zimewashuka.

"Bourse ya kusoma Bulaya ni moja tu, na faculté muzima wanaitaka," alisema Népomuscène. "Nani atatufundisha kujibu jury? Pale chuo apana mutu."

"Mi ni mwaka wangu wa mwisho," alisema Consolate. "Mwakani wataniambia miaka imepita. Nitaosha chupa za labo mupaka nizeeke."

"Na mazutu ya recherche wanatupatia!" alisema Népomuscène. "Ya kwenda wapi? Kule milimani ni vita na masasi. Inalala tu mu bidon."

Chai ilimpalia Tajudini. Bourse hakujua inaliwa na mboga gani, lakini mazutu, yaani dizeli, iliyolala aliijua, na moyo wake wa huruma ulimwambia aende akaiamshe.

Hazikupita siku nyingi, duka la vitenge la shangazi yake Khadidja, palepale Asiatique, lililokuwa limefungwa kwa kukosa vitenge, likaota kibao: OFISI YA MSAADA KWA WATAFITI WACHANGA. Ndani alikaa Dokta Tajudini, miwani puani. Kushoto kwake alikaa Profesa Murhula, fundi magari kutoka Bukavu, ndani ya suti ya kuazima. Kazi ya profesa ilikuwa moja: kila mtahiniwa akimaliza kujibu, amkazie macho na kusema, "Et alors?", yaani, kwa hiyo nini.

Mkiona hilo ni jambo dogo, hamjawahi kuulizwa. Népomuscène aliulizwa mara tatu akaanza kutetea hata ubatizo wake. Alitoka amelowa jasho, akashukuru sana na kuacha bidon, dumu zima la mazutu. Ofisi haikupokea pesa. Dokta alieleza kwamba elimu haiuzwi, inabadilishwa tu na mazutu.

Consolate alikuja siku ya pili.

"Unachunguza nini, mademoiselle?" aliuliza Tajudini.

"Chimie ya mimea."

"Et alors?" alisema Murhula.

Consolate akaeleza kirefu, kwa Kifaransa kizito, mambo ambayo Dokta aliyafuata kwa kutikisa kichwa. Alipomaliza, Tajudini akaona lazima naye aseme kitu. Akachomoa neno la ushahidi alilowahi kulisikia mahakamani siku aliposhitakiwa.

"Preuve iko wapi? Nani amejaribu hiyo kitu yako?"

Swali lilimchoma palepale palipokuwa na kidonda, maana miezi mingi alikuwa akiomba chuo wamjaribie na hakuna aliyemsikiliza. Kisha uso ukamkunjuka taratibu.

"Dokta, nikikuletea bidon mingi, utanisaidia kabisa?"

"Binti yangu, lete tu. Nitakusaidia mupaka ushangae."

Akaleta, na kesho yake akaleta tena. Tajudini alichovya karatasi, akaiwasha, ikawaka vizuri.

"Mbona inanuka kama jiko?"

"Bidon zote za mji huu zilikuwa za mawese, Dokta."

Kweli tupu, nani angebisha? Mazutu ikauzwa kwa Hiace za Kanyosha, kwa malori ya sokoni, kwa yeyote mwenye injini na haraka.

Ramadhani ikaingia, na mji ukaanza kunukia sambusa. Mchana kweupe! Hiace ikipita Buyenzi, waliofunga walimeza mate na kumwomba Mungu msamaha. Wazee walituma watu wakamtafute anayekaanga mchana, wakarudi wakisema ameelekea Gasenyi kwa kasi. Tajudini mwenyewe alikuwa amefunga tumbo, mdomo akauacha wazi, akawa wa kwanza kulaani watu wasio na haya.

Aliyemwangusha ni Radjabu, dereva wa lori. Alipanda milimani na msafara unaolindwa na askari, akafika juu kwenye baridi, gari likakohoa na kuzima. Askari walilisukuma huku wakimtukana yeye na ukoo wake. Aliporudi salama alienda moja kwa moja Asiatique, madereva wenzake nyuma yake. Murhula alitorokea dirishani, suti ya watu ikabaki kwenye msumari.

"Mafuta imeganda kama samuli!" alifoka Radjabu, akimshika Dokta ukosi. "Kule ni vita, Tajudini! Nimesoma shahada yangu mi nikajua ndiyo basi!"

"Wallahi si mimi! Ni ule mwanamuke wa chuo! Twende nikuonyeshe, tumuaibishe mbele ya wakubwa wake!"

Saa hiyo Consolate alikuwa chuoni, mbele ya jury ya bourse. Mwenyekiti, Profesa Dévote, alikuwa amevua miwani.

"Mademoiselle, kuendesha magari kwa mawese ni wazo zuri sana mu nchi ya vikwazo. Lakini preuve iko wapi? Nani amejaribu?"

Consolate alifungua mdomo. Mlango ukafunguka kabla yake.

"Huyu ni mwizi!" alipiga kelele Tajudini. "Amenipa mawese akasema ni mazutu! Nimeuzisha muji muzima! Hiace zote za Kanyosha zinatembea na mafuta yake mwezi sasa!"

Profesa Dévote akarudisha miwani.

"Zinatembea?"

"Zinatembea sana! Apana hata moja imekufa! Ila lori ya huyu."

"Yangu imepanda mulima muzima," alisema Radjabu kwa uchungu. "Kule juu ku baridi ndiyo ikaganda."

"Pole sana, kaka," alisema Consolate, na pole yake ilikuwa ya kweli, kwa maana alikuwa ameingiwa na hofu. Lakini mtafiti ni mtafiti. "Iliganda fasi gani? Ilikuwa asubuhi ao jioni?"

Radjabu akajibu yote. Jury ikamuuliza na Tajudini, naye, kwa kuwa hajawahi kunyimwa nafasi ya kujisifu, akaeleza magari, njia, na wateja waliorudi kuomba tena.

"Na weye, bwana, ni nani hasa?" aliuliza Profesa Dévote.

"Ni Dokta Tajudini," alisema Consolate upesi. "Wa Ofisi ya Msaada. Bila yeye nisingefika hapa."

Bourse aliipata. Ndani walikuwa bado wanampongeza, na nje madereva wamekwisha kusimama mlangoni, mikono imekunjwa, wakimsubiri daktari wao. Tajudini alibaki amekaa kwenye kiti cha watahiniwa, hataki kuinuka. Kupigwa alikuwa amekuzoea. Kilichomuuma hakikuwa kipigo: kwa mara ya kwanza tangu azaliwe, alikuwa amefanya kweli kazi aliyolipwa.