Dalali wa Mabati Ishirini

Castory alikuwa na tai moja, faili moja tupu na benchi lake nje ya Mahakama ya Mwanzo. Kwa mtaji huo alikuwa amelilisha tumbo lake miaka minne hapo Korogwe. Asubuhi hiyo akamwona Bi Mwatumu, mjane wa Kabuku, akitoka na nakala ya hukumu, akiisonya.

"Shikamoo mama. Umeshinda, halafu umenuna?"

"Marahaba. Nimeshinda karatasi, mwanangu. Shemeji yangu Sabiri kaezua mabati yangu ishirini, kayaleta kwake hapa Korogwe. Mahakama imesema arudishe, yeye anasema niyafuate mwenyewe. Na mvua hiyo inakuja."

Castory akaweka tai sawa. "Umemfikia dalali wa mahakama. Kukazia hukumu ndiyo kazi yangu."

"Sina hela."

"Nani kataja hela?"

"Basi yakifika Kabuku, matano yako."

Matano! Castory alimhurumia. Kichwani mwake alikuwa keshayauza yote ishirini kwa mnunuzi wa Muheza.

Akakodi kenta kwa fedha zake mwenyewe, akamvamia Sabiri kwa sauti ya kambini. "Mzee, mabati au mahabusu!" Sabiri, shujaa wa kugombana na wajane, alitetemeka hadi kofia ikamwangukia machoni. Ila mwenyekiti wa mtaa naye alikuwa keshafika, maana mtaani hapo dalali hang'oi hata msumari bila mwenyekiti kushuhudia. Akahesabu mabati, akamsainisha Castory, kisha akampandisha mgambo juu ya mzigo.

"Huyu atakusindikiza hadi kwa mwenye mali. Ndio utaratibu wetu."

Mgambo aliitwa Jacob, na alikuwa na upana wa kabati. Walipofika njia panda ya Segera, Castory akamnong'oneza dereva, "Kata kushoto, twende Muheza." Kenta ilipoanza kukata kushoto, rungu la Jacob likagonga paa. "Kabuku ni kulia, mheshimiwa!" Kenta ikakata kulia.

Bi Mwatumu aliyapokea mabati kwa vigelegele, akatenga matano. Castory akanyoosha mikono. Bora hayo.

"Subiri, mwanangu. Haya ni ya dalali wa mahakama. Toa kitambulisho, Jacob ashuhudie."

"Nimekisahau Korogwe, mama."

"Dalali wa kweli alinitaka gharama za kenta kwanza, ndiyo maana nilitoka nimenuna. Wewe hukutaka hela, wala hukuuliza namba ya kesi. Nikasema, kumbe Mungu kaniletea kenta."

Jacob akahamishia rungu mkono wa kulia.

"Kakifuate tu," mama akasema kwa upole. "Nakungoja."

Castory akaenda kukifuata. Alienda kwa miguu, kwani dereva alishaanza kuuliza nani analipa mafuta ya kurudi, na alienda kwa mbio ambazo hazijapata kuonekana kwa mtumishi yeyote wa mahakama.